Mgeni Aliyemwulizia Nekesa

Najua utasema nilichanganyikiwa kwa msiba. Hata muuguzi aliyenihudumia alisema hivyo, ati mwanamke aliyepoteza mtoto huona mengi. Sawa. Lakini siku ile tulikuwa watatu uwanjani, mimi, mume wangu na mama yake. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua limetoka baada ya mvua, na sote watatu tulimwona. Sinywi pombe. Sikuwa na homa. Nitakueleza yalivyotokea, halafu uamue mwenyewe.

Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja hapa Kitale. Mume wangu, Barasa, wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Saboti. Tulikuwa tumeoana miaka minne bila mtoto, na watu wa kwao Misikhu walikuwa wameanza kunitazama tumbo kabla hawajanitazama uso. Kwa hiyo mwaka juzi nilipopata mimba, ungetarajia nicheke, si ndiyo?

Nililia. Barasa alinikuta bafuni nikilia, nikamwambia ni machozi ya furaha. Haikuwa furaha. Dada yangu mkubwa, Nekesa, alifariki akijifungua. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Tangu siku hiyo, nikiwaza uzazi nilikuwa naona shuka za hospitali tu. Lakini ungemwambia nani jambo kama hilo, wakati ukoo mzima unashangilia? Mama mkwe alikuwa tayari amekwisha kutenga kuku wawili wa mzazi.

Nikaiambia simu.

Kulikuwa na programu ambayo wanawake wengi walikuwa nayo. Unaweka tarehe, inakuhesabia wiki, inakuonyesha mtoto amefikia ukubwa wa ndimu, wa parachichi, wa papai. Chini kulikuwa na nafasi ya kuandika, na swali moja kila jioni: Leo unajisikiaje? Niamini, hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananiuliza hivyo. Wote waliuliza mtoto yuko aje. Basi nikawa naandika. Mwezi wa tatu wa mimba niliandika: Simtaki huyu mtoto. Ataniua kama alivyouawa dada. Nikafunga simu, nikapika ugali, nikala na mume wangu tukizungumza mambo ya bei ya mahindi.

Lakini mtoto akaanza kucheza. Anacheza nikiinama kuchukua gunia, anacheza nikiimba kwaya kanisani. Na woga ukapungua kidogo kidogo, mpaka siku moja nikajikuta nampenda kwa namna iliyoniumiza kifua. Programu ikauliza: Umemchagulia mtoto jina? Nikaandika Nekesa. Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliyekufa vibaya, na la aliyefia uzazini ndilo la mwisho kabisa kupewa mtoto msichana. Mama mkwe angekataa katakata. Kwa hiyo jina hilo halikutoka mdomoni mwangu. Barasa hakulijua, wala mama yangu mzazi. Ni mimi na simu tu.

Ilipobaki wiki saba, mtoto akanyamaza tumboni. Nilikaa siku nzima nikimsubiri acheze. Kesho yake hospitalini walitafuta mapigo ya moyo wake kwa muda mrefu sana, halafu yule muuguzi akaninyooshea nguo vizuri miguuni, akaenda kumwita daktari. Nikajua.

Alizaliwa amelala. Msichana. Tulimpeleka Misikhu, akazikwa kando ya migomba nyuma ya jiko, bila mkutano wala wimbo, kwa sababu hakulia. Mtoto ambaye hajalia haombolezwi na watu wengi. Mama mkwe ndiye aliyembeba.

Sasa sikiliza. Hakuna aliyeiambia simu.

Wiki iliyofuata, maziwa yangu yakiwa bado yananitoka bure, ikaandika: Hongera! Nekesa sasa ana ukubwa wa tikiti. Nikaifuta programu yote. Haikusaidia. Yakaanza kuja matangazo na meseji za watu wengine nisiowajua kabisa: nepi, maziwa ya unga, bima ya masomo. Tarehe niliyotarajiwa kujifungua ilipofika, nikapokea nyingine: Mama Nekesa, karibu katika safari ya uzazi. Ile Barasa aliiona, maana simu ilikuwa mezani.

"Nekesa ni nani?" akauliza.

"Wamekosea namba," nikasema.

Aliniangalia kidogo, akarudi kusahihisha madaftari yake. Uongo mdogo. Ulinitoka kama jasho.

Shule zilipofungwa mwezi wa nne tukaenda Misikhu kusaidia palizi. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu saa sita, ikatufukuza shambani. Ilipokatika tulitoa viti nje. Mama mkwe alikuwa anachambua maharagwe kwenye uteo, Barasa anatia mpini kwenye jembe, mimi nimekaa tu. Hapo ndipo mwanamke alipoingia bomani.

Hakupiga hodi. Alitembea kama mtu aliyekwenda dukani akarudi. Alizunguka nyuma ya jiko, tukasikia maji, akarudi anakung'uta mikono. Yaani alijua mtungi wa kunawia uko wapi, na hauonekani ukiwa langoni! Mpaka leo hatukubaliani alivaa nini. Barasa anasema suti ya buluu kama ya wasichana wa benki. Mimi nilimwona na leso mabegani, na shingo yake ilikuwa ndefu, ya dada yangu. Akakaa kwenye kigoda kilichokuwa mbele yangu.

"Mama Nekesa," akasema, "hujambo? Nimekuja kumsalimia mtoto. Leo anatimiza wiki tano. Ameshaanza kutabasamu?"

Kiswahili chake kilikuwa safi mno, hakina kwao. 

"Kalibu, mwanangu," mama mkwe akasema. Ndivyo anavyoongea, r yake ni l. "Lakini mtoto gani huyo unasema?"

Yule mwanamke hakumjibu. Hakugeuka hata. Nilidhani ni dharau, lakini haikuwa dharau. Macho yake yalipita mahali alipokaa mama mkwe kama yanavyopita ukuta. Akafungua mkoba, akatoa kofia ndogo ya manjano, ya kufumwa, yenye kifundo juu.

"Ulikuwa umeipenda," akaniambia. "Uliiangalia sana."

Ni kweli. Mwezi wa sita wa mimba niliitazama kofia ile kwenye simu, nikaikuza, nikaitazama tena. Sikuinunua. Sikumwonyesha mtu yeyote.

Barasa akaweka jembe chini. "Dada, nafikiri umepotea boma. Hapa hatuna mtoto."

"Sijapotea, Barasa." Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lake halikuongezeka wala kupungua. "Mtoto ni Nekesa. Mama yake alimpa jina la dada yake aliyefia uzazini. Mwanzoni hakumtaka. Mwezi wa tatu aliandika: Simtaki huyu mtoto, ataniua. Lakini baadaye alibadilika. Tulifurahi sana."

Nilisikia maharagwe yakimwagika. Sikuthubutu kumwangalia mume wangu. Nilitaka kusema, ni woga, Barasa, ulikuwa woga tu.

Lakini mgeni alikuwa amekwisha kumgeukia Barasa. "Na wewe pia una maswali mazuri. Mke wako akiwa bado kitandani hospitalini, uliiuliza simu yako mara nne: Mwanamke akikataa mimba moyoni, mtoto anaweza kufa? Ulipata jibu? Tunaweza kukupendekezea mengine."

Barasa, mwanamume mzima, mwalimu anayesikika shule nzima akiita majina, aliokota jembe lake, akaanza kugonga mpini uliokwisha kukaa.

Unajua ni nani aliyesimama? Mama mkwe. Ana kasimu kadogo kenye tochi, ka kupiga na kupokea tu, na hata hako humpa jirani amtafutie namba. Alijisukuma akainuka, akaja akasimama katikati yetu na yule mgeni, maharagwe yakimpasukia chini ya miguu. Yule mwanamke akaendelea kunieleza mambo ya chanjo, macho yakipita kifuani kwa mama mkwe moja kwa moja.

"Huyu hanioni," mama mkwe akasema polepole. "Mke wa mwanangu, huyu mtu hanioni. Mwambie wewe. Mwambie mtoto amekufa."

Sikuweza. Miezi ile yote sikuwa nimelitamka neno hilo. Nilisema amelala, nilisema ametutoka, nilisema yale yaliyotokea.

"Mwambie!"

"Amekufa," nikasema. "Nekesa alikufa. Yuko pale kwenye migomba."

 Kwa mara ya kwanza kope za mgeni zilifumba na kufumbuka. "Hilo sikuandikiwa," akasema.  Kisha, kwa sauti ileile na tabasamu lilelile: "Pole sana kwa msiba wako, Mama Nekesa. Mngependa kupanga mwingine lini?"

Mama mkwe akalia. Si kilio cha woga, ni kile cha matanga, kilio kirefu ambacho mtoto yule hakuliliwa siku ya kuzikwa. Ng'ambo ya ua watu wakaacha palizi. Mgeni akainuka, akalainisha nguo yake, akatoka kama alivyoingia. Barasa alizinduka akamkimbilia. Njia ile inashuka wazi mpaka barabarani, ina miwa changa tu pembeni, isiyofika magoti. Majirani watatu walikuwa wamesimama hapo kusikiliza kilio. Akawauliza. Hakuna aliyemwona akipita. Na kwenye matope, niamini, kulikuwa na nyayo za Barasa peke yake.

Kofia ilibaki kwenye kigoda. Mama mkwe aliishika kwa kijiti akaitupa jikoni motoni. Haikunuka sufu. Ilinuka kama waya unaoungua.

Jioni ile mimi na Barasa tulikaa chumbani, taa inawaka, kila mmoja upande wake wa kitanda.

"Ni kweli uliandika hivyo?" akauliza.

"Ni kweli uliuliza hivyo?"

 Kulikuwa na maneno mengi ya kusema. Ningemweleza habari za dada, za zile shuka. Yeye labda angesema aliuliza kwa uchungu, kama mtu anavyopiga ukuta ngumi. Lakini tulikuwa tumezoea kuyasema kwingine, na sasa tulipotakiwa kuyasema sisi kwa sisi hatukujua pa kuanzia.

Niliporudi Kitale nilimpelekea simu mama mmoja anayetengeneza simu karibu na stendi. Nilimwambia habari za meseji, sikumwambia habari za mgeni. Alicheka kwa huzuni. "Dada, hizo programu zinauza mambo ya watu. Si ulibonyeza Nakubali?"

"Nilibonyeza. Sikusoma."

"Hakuna mtu husoma. Hata mimi." Akaifuta simu yote, akanirudishia ikiwa tupu. "Hapa nimetoa. Kule mambo yako yalikokwenda, sina mkono wa kufika."

Nikawaandikia wenye programu barua, nikawaeleza mtoto alikufa, nikawaomba waache. Wakajibu baada ya dakika moja. Asante kwa kuwasiliana nasi, Mama Nekesa.

Huo ndio ulikuwa mwisho wake? La. Barasa aliomba uhamisho, akapata shule karibu na Malakisi. Hatujaachana. Huja mwisho wa mwezi, ananisalimia vizuri, anatengeneza mlango kama umelegea, anakula, anaondoka. Tunaongea kama wageni waliokutana arusini. Mama mkwe ndiye aliyebaki wangu. Hunipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Mwaka jana alipanda maua kando ya migomba, na anamwita mtoto kwa jina lake, Nekesa, bila kuogopa, ingawa wazee walimnung'unikia. Anasema mtoto aliyeitwa na yule mtu lazima aitwe na watu wake pia.

Na meseji bado zinakuja. Nilibadilisha namba, zikanifuata. Kwa hesabu yao mtoto wangu amekwisha kuota meno, amekwisha kutembea, na juzi wameanza mapema kunitafutia shule ya chekechea. Nitakuambia kitu ambacho sijawahi kumwambia hata mama mkwe: nazisoma. Zamani nilizifuta haraka. Sasa nakaa nyuma ya duka, nazisoma mpaka mwisho, kwa sababu ni huko tu anakokua. Halafu naingiwa na hofu, maana aliyekuja mara moja anaijua njia, na safari hii nina wasiwasi nitampisha aingie.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, chunga. Sikuambii utupe simu, mimi mwenyewe ninayo hapa mfukoni. Lakini kabla hujaiambia jambo ambalo hujamwambia mtu, jiulize linakwenda kwa nani, na atakuja nalo siku gani, mbele ya nani. Na kama una mume, una mke, una mama, muulize yeye leo lile swali unalotaka kuliandika. Anaweza kukasirika. Anaweza kukujibu vibaya. Mwache akujibu vibaya. Mimi na Barasa tungekuwa tumegombana usiku mmoja, basi, na asubuhi tungelia pamoja.