Kibodi Niliyoichora Mwenyewe

Aibu hii nimeificha muda mrefu, hata mume wangu nimemweleza mwaka jana tu, na nikianza kuisimulia mtacheka, chekeni, ila kuna mahali nitaomba msicheke, mtapajua wenyewe tukifika.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kata huku kwetu ziwani, upande wa Liuli. Somo la kompyuta lilikuwepo kwenye ratiba, kila Jumatano baada ya chai (chai yenyewe haikuwepo, ni jina tu la mapumziko), lakini kompyuta hatukuwa nayo hata moja. Aliyetufundisha ni Mwalimu Komba, mzee wa Jiografia aliyekuwa amekaribia kustaafu, alipewa somo lile kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Simu yake ilikuwa kitochi, ile ndogo ya vitufe, na kompyuta alikuwa akiiona ofisini kwa watu, kwa mbali, akisubiri kuhudumiwa. Lakini yule mzee alikuwa na moyo.

Siku moja asubuhi akaazima kitabu kwa mwalimu wa shule nyingine, akaniita mimi maana ndiye niliyekuwa nachora ramani vizuri.

"Imelda, humu kuna picha ya kibodi, lile bao la herufi la kuandikia. Nichoree kubwa kwenye karatasi ya manila. Kitabu kinaondoka na gari la saa nane, usichelewe."

Nikasema sawa, nikachora safu ya juu, Q, W, E, R mpaka P, safi kabisa, halafu wenzangu wakaniita netiboli, nikasema nacheza kidogo nirudi, na mnajua kidogo ya netiboli ilivyo. Mwalimu alipofuata kitabu chake safu mbili zilikuwa bado.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mwalimu."

Basi, neno moja tu hilo. Kitabu kikaondoka, mimi nikajifungia darasani na manila yangu, nikahesabu herufi zilizobaki, nikazipanga kwa mfuatano kama tulivyoimba darasa la kwanza: A, B, C, D, F, G, H, J, K, na chini yake L, M, N, S, V, X, Z. Nikajiambia, nani atajua?

Na kweli hakuna aliyejua. Mwenzetu mmoja tu, ambaye dada yake alikuwa na simu ya kupangusa, alinyoosha mkono akauliza, "Mbona kwenye simu ya dada haziko hivi?" Nikamjibu kabla ya Mwalimu, "Ile ni simu, hii ni kompyuta," na Mwalimu Komba akatikisa kichwa kukubali, "Sawasawa." Darasa zima likainakili kwenye madaftari.

Sasa niwaambie kuhusu Debora. Debora alikuwa rafiki yangu, analelewa na bibi yake muuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu, na somo lile lilimwingia kwenye damu. Mwalimu alisema mwandishi hodari haangalii herufi, basi Debora akawa anajifunga kitenge machoni, anagonga juu ya manila huku sisi tunamsomea maneno, na hakosei. Hata kanisani nilimwona vidole vikicheza kwenye benchi wakati wa mahubiri. Aliniambia atafanya kazi ofisini, atamjengea bibi nyumba ya bati. Nikamsomea neno lingine.

Miezi ikapita, ukaja mwaliko. Shule moja kubwa ya wasichana kule Mbinga inafanya siku ya taaluma, shule za jirani zilete wanafunzi wawili wawili, na kutakuwa na shindano la kuandika kwa kompyuta. Mwalimu Komba akamchagua Debora, na mimi kwa sababu ndiye mchoraji. Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nilijipa moyo kwamba huenda kompyuta za Mbinga zina mpangilio mwingine, huenda hata yangu ni sahihi kwa bahati (mtu akiwa na hofu anaamini chochote).

Tulipofika, kile chumba! Kila msichana na mashine yake, nao wala hawashangai, kama sisi tusivyoshangaa ziwa. Ukumbini walikaa wazazi, walimu na wageni wa wilaya, na ukutani kulikuwa na mwanga wa projekta, kila unachoandika kinaonekana na wote.

Debora akaitwa. Akaketi, akanyoosha mgongo, akakaza macho ukutani, hakuangalia chini hata kidogo. Mwalimu mwenyeji, mama mmoja mwenye miwani, akasema, "Andika jina lako, kisha uandike: Karibuni wageni wetu."

Vidole vikaenda kasi, jamani, kasi ambayo hakuna aliyeionyesha siku ile. Na ukutani kukatokea:

Fesora. Larisuci waheci wetu.

Ukumbi ukaangua kicheko. Debora akarudia, yakaja yaleyale. Akainama kuangalia, kisha akasema kwa sauti ya adabu kabisa, "Samahani, Madam, mashine hii ni mbovu. Herufi hazikukaa mahali pake."

Hapa ndipo naomba msicheke, maana pale walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Yule mama, kwa wema wake, akambadilishia mashine. Larisuci. Nyuma yetu wasichana wakaanza kuita, "Fesora! Fesora!"

Mwalimu Komba akasimama. Mzee wa watu, suti yake ya harusi, akapanda mbele akiwa na begi. "Watoto wangu wanajua," akasema, "tumejifunza kwa hiki hapa," akakunjua manila yangu, akaishika juu kwa mikono miwili ili wote waione.

Kicheko kikakatika chenyewe. Yule mama akaisogelea, akasoma safu ya pili kwa kidole, akauliza polepole, "Hii nani aliichora?"

Debora akageuka akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nimechora mimi," Mwalimu Komba akasema.

Nikamwacha aseme hivyo. Mbele za watu wote wale, nikamwacha.

Kwenye gari la kurudi nilianza kulia tulipokuwa tunateremka kuelekea ziwani, nikamwambia Mwalimu yote. Hakunifokea. "Nilishahisi pale ukumbini, Imelda," akasema. "Lakini miezi yote hiyo nilikuwa nafundisha kitu nisichoweza kujua ni kweli au uongo. Hilo si kosa lako." Kisha akageukia dirisha, akatazama nje mpaka Liuli.

Debora aliposhuka aliniuliza jambo moja tu, "Ulijua?"

"Nilijua."

Akaondoka. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikakiri, wakakata kurasa zile kwenye madaftari, na Debora hakukaa tena dawati moja nami mpaka tukamaliza.

Sasa Debora ni muuguzi. Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kituo cha afya nikamkuta yeye, anaandikisha wagonjwa kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, anatafuta herufi moja baada ya nyingine, foleni inaguna. Nikamwomba msamaha pale pale, mbele ya foleni.

"Nilishakusamehe zamani," akasema bila kuinua macho. "Ila nikiandika haraka, bado kila K inatoka L. Haya, jina la mtoto?"

Siku hizi mimi kitu nisichokijua nasema sikijui, hata mbele ya wageni, hata mbele ya mwanangu huyo. Inauma dakika moja tu, basi.