Meneja wa Siku Moja

Sisi mawakili wa kampuni ndogo hatuandiki katiba za kampuni. Tunazinakili. Ninayo moja niliyoirithi kwa wakili aliyenifundisha kazi, naye aliirithi kwa mwingine. Mteja akipanda ngazi hadi ofisini kwangu, hapa Asiatique, mtaa wa maduka wa Bujumbura, juu ya duka la vitenge, nabadilisha majina, nabadilisha biashara, nachapa. Notari anagonga muhuri, masijala nayo inagonga wake. Hakuna anayesoma, na kwa miaka kumi na minane jambo hilo halikumdhuru mtu.

Kisha akatokea ofisa mmoja bandarini akasoma.

Mteja wangu alikuwa mama wa Ruziba, kusini mwa mji, anayeuza ndagala, yaani dagaa, waliokaushwa. Mdogo wake huwanunua Kigoma na kuwapakia melini, yeye huwapokea Bujumbura, na kampuni ni yao wawili. Shehena yao ya kwanza kwa jina la kampuni ilikuwa imefika. Magunia yalikaa ghalani huku mvua ikinyesha kila alasiri, na ndagala akishapata unyevu hana tena mnunuzi. Ofisa alitaka sahihi ya meneja. Mama akasaini. Ofisa akafungua katiba, kifungu cha kumi na saba, akamwambia meneja si yeye. Meneja, kwa muda usio na kikomo, ni mwanamume fulani wa mtaa wa Buyenzi.

Nilimjua. Alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mteja wangu wa zamani. Katiba ya mama niliinakili kutoka kwenye yake, nikabadilisha kila kitu isipokuwa yeye.

"Maître," mama akaniita, kama tuitwavyo mawakili hapa, kwa upole ulionitisha, "mi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Sasa huyu mutu ni nani?"

Wenye hisa wangeweza kumwondoa kwa kikao, lakini kuitisha kikao huchukua siku kumi na tano, na magunia hayakuwa na siku kumi na tano. Nikahangaika siku mbili. Mwishowe nikamwandikia mzee barua yake ya kujiuzulu, mistari minne, nikampelekea kwa mkono wangu. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki nje ya duka lake, ambalo siku hizi linaendeshwa na wanawe. Nikamweleza yote. Nilitegemea acheke.

Hakucheka. Aliomba katiba, akaisoma yote. Alikuwa mtu wa pili kuisoma.

"Meneja ni miye," akasema.

"Kwa makosa, mzee."

"Iko na muhuri ya Leta?"

"Ya serikali, ndiyo, ipo."

"Basi. Na mi siwezi kuacha kazi sijaifanya hata siku moja. Mutu gani anafanyaka ivyo? Twende kwenye magunia."

Nikaanza kumfafanulia sheria, nikanyamaza katikati. Kama meneja ni yeye, basi sahihi inayotakiwa bandarini ni yake. Siku mbili nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kumwondoa mtu pekee aliyeweza kutusaidia.

Alivaa koti juu ya kanzu, tukaenda. Huyu aliuza misumari na bati maisha yake yote, lakini alitaka kila gunia lifunguliwe, akanusa, akauliza kiasi cha chumvi, akauliza mwendo wa meli. Magunia mawili aliyakuta chini ya bati linalovuja, akaagiza yasogezwe kabla hajagusa karatasi yoyote. Ofisa alitazama kitambulisho, akatazama kifungu cha kumi na saba, akampa kalamu. Sahihi ya mzee ilichukua upana wote wa ukurasa. Kabla ya magharibi magunia yalikuwa kwenye lori. Mama alimshukuru Mungu, kisha mzee. Mimi shukrani hazikunifikia.

Nikatoa tena ile barua ya kujiuzulu.

"Apana," mzee akasema. "Mutaniaga kwanza. Watu wakae, wapewe kinywaji, mutu aseme neno. Kwetu hata ng'ombe akiuzwa kuna kinywaji na neno. Lile duka, karatasi ya kunitoa ilinikuta ndani ya bahasha. Nikasaini juu ya goti. Hakuna mutu alisema kitu."

Karatasi hiyo niliiandika mimi. Wanawe walikuja wana haraka, wakasema baba amezeeka na amekubali. Nikaichapa kwa nusu saa, nikaitia kwenye bahasha. Sikuwahi kujiuliza ataisaini wapi. Niliona aibu.

Tulimuaga Jumamosi, Ruziba, kwenye stoo ya mama. Kwa heshima ya mzee, asiyegusa pombe, zililetwa Fanta tupu, na majirani, waliozoea bia, walivumilia. Mzee alikuwa amewaalika wanawe wawili. Walikuja, wakakaa karibu na mlango.

Mama alisimama kwanza. "Mi nilikuwa nakuogopa," akasema, "nikafikiri unakuja kuninyang'anya. Na ni weye uliokoa samaki yangu. Asante, baba."

Kisha nikasoma azimio: kampuni inamshukuru meneja wake anayeondoka, kwa siku moja ya kazi aliyoifanya kikamilifu. Niliposhusha karatasi nikasema kwamba ile ya dukani pia niliiandika mimi, kwamba ilinipasa kumpelekea mwenyewe na kusimama mbele yake, na kwamba namwomba msamaha. Mzee aliitikia kwa kichwa, akavuta meza karibu, akasaini barua ya kujiuzulu akiwa amekaa vizuri.

Kwa desturi, familia ya aliyeagwa ndiyo hujibu kwa niaba yake. Watu wote wakamgeukia mwanawe mkubwa. Akasimama na chupa yake mkononi.

"Baba," akasema.

Tukasubiri.

"Baba," akasema tena. Neno la pili halikuja. Akajaribu mara ya tatu, hata sauti haikutoka, akaketi na kuufunika uso kwa kiganja. Hakuna aliyejua kama apige makofi au la. Tukamtazama mzee.

"Amesema muzuri," mzee akasema, akasogea kwenye benchi, akamwachia mwanawe nafasi ya mtu mmoja.