Jicho na Picha Zenye Ukungu

Karakana yetu ya meno bandia iko nyuma ya kliniki: chumba kimoja chenye dirisha kubwa, meza mbili, na sinki ambalo halijawahi kukosa plasta iliyoganda. Mimi na Jicho tumekaa meza moja miaka kumi na moja. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu alikuwa akiona kiputo cha hewa ndani ya nta wakati wengine tumeshasema kazi imekwisha na tunanawa mikono. Tuna kibao chenye vijino kumi na sita, kila kimoja rangi yake, cha kulinganishia jino la mgonjwa. Sisi tulikuwa tunakipeleka dirishani, tunakirudisha, tunabishana. Jicho alitazama mara moja tu. "Huyu ni wa kumi na moja," anasema, "na anavuta sigara." Meno ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, yalikuwa kazi yake peke yake. Kama kuna aliyemwonea wivu, aliumeza.

Nyumbani alikuwa na uchizi mmoja: katuni za Kijapani. Si za watoto, atakwambia hata kabla hujauliza. Alizikusanya miaka tisa, pamoja na tamthilia chache, ndani ya diski moja nyeusi iliyokaa nyuma ya televisheni. Na zote ziwe HD ya kweli, siyo zile ambazo mtu kaandika HD juu halafu ukifungua unakuta uji. Aliweza kungoja miezi mitatu ili sehemu moja tu ipatikane kwa picha anayoitaka. Televisheni ile haikuonyesha kitu kingine. Habari za dunia alizisikia redioni akipiga pasi. Mumewe, ambaye mimi namwita shemeji, alipewa sheria moja tu katika nyumba ile: diski haitoki. Aliikubali mbele yangu, anacheka, sahani mkononi.

Jumamosi moja mchana walinialika. Mapazia yakafungwa, simu zikazimwa, nikaambiwa nisitafune kwa sauti. Ilikuwa hadithi ya msichana anayetengeneza saa katika mji usiokauka mvua. Katikati, Jicho akasimamisha picha kwenye jani moja la dirishani. "Hesabu matone."

Nikahesabu saba.

"Kumi na manne," akasema, akanionyesha yale saba niliyoyakosa, moja baada ya jingine, kwa ncha ya kalamu. Nilitaka kumcheka nikashindwa. Aliyechora jani lile alikuwa fundi wa aina yetu, anayefanya kazi safi hata mahali ambapo hakuna atakayetazama. Jicho alitazama. Shemeji alikuwa kwenye kochi anatabasamu, mwanamume anayejivunia mke wake.

Basi mwaka jana, Jumatatu moja, Jicho alishika jino moja asubuhi nzima. Saa sita akaniambia, "Macho yangu yanaondoka."

"Yanakwenda wapi?" Mzaha wangu ulianguka chini peke yake.

Alisema tangu wiki iliyopita picha zina ukungu. Nyuso zinayeyuka pembeni, anga ina mistari, maandishi ya tafsiri chini ya picha yameota manyoya. Nikamwambia huenda ni televisheni. Alikuwa ameshawaza hivyo, lakini shemeji alikaa naye kochi lile lile, akatazama, akasema yeye haoni tofauti yoyote. "Kaniambia ni umri, mke wangu. Kanishika na mkono."

Sasa mnielewe. Mama yake Jicho alipofuka akiwa na miaka hamsini. Jicho ana arobaini na saba. Tangu nimfahamu, hilo ndilo jambo moja analoliogopa, na hatulitaji mezani. Nilimsihi aende kwa mpima macho akakataa. "Nikiambiwa, itakuwa kweli," alisema.

Hofu ikamfuata kazini. Akaanza kupeleka vijino dirishani kama sisi. Akakosea rangi, mara ya kwanza tangu nimjue, na mgonjwa akarudi. Wiki ya tatu alimwendea daktari wa meno, mwajiri wetu, akaomba meno ya mbele nipewe mimi. Nikayapokea. Nilisikitika, naam, lakini nilikuwa nimeyatamani miaka kumi, na siku ile nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Nalisema hili ili nisije nikajifanya malaika katika habari hii.

Jambo moja tu lilimpa faraja. Shemeji alianza kumsomea. Kila jioni baada ya chakula aliketi karibu naye na kumsomea maandishi ya chini, mstari kwa mstari. "Hata sauti anabadilisha," Jicho aliniambia, na uso wake ulikuwa laini. "Ya msichana, ya babu. Miaka ishirini ya ndoa sikujua ana moyo huu." Nikamwambia amepata mume. Maneno hayo nilimwambia kwa kinywa changu hiki, na leo yananikera kuliko tusi.

Mwezi wa pili ulipokwisha nilimburuta. Mpima macho akamwonyesha ubao wa herufi. Jicho akasoma mpaka mstari wa mwisho, kisha akasoma na jina la kiwanda lililochapwa pembeni kabisa. Yule bwana akageuka kulitafuta, akalipata kwa shida.

"Mama, macho haya hayana tatizo," akasema. "Ningekuwa nayo mimi, nisingevaa miwani hii."

Nilitaka kumkumbatia. Jicho hakufurahi. Alitembea mbele yangu hadi kwake, akaingia na viatu, akawasha televisheni, akatafuta lile jani. Hapakuwa na tone hata moja, rangi ya kijani tu na doa. Akafungua orodha ya mafaili. Sehemu moja iliyokuwa na giga mbili na zaidi ilikuwa na mega mia mbili. Majina yote yaleyale, na zote zimeingizwa siku moja, Jumanne. Akaichomoa diski, akaigeuza. Chini ya diski yake alikuwa ameweka nukta ya rangi ya kucha. Hii haikuwa na nukta.

Shemeji anauza samani katika duka kubwa. Hurudi saa kumi na moja. Nilitaka kuondoka. Jicho akasema, "Kaa." Nikakaa.

Alipofika, shemeji hakubisha. Aliipeleka dukani, akasema, wana televisheni ukutani yenye upana wa mlango, alitaka wenzake waone HD ni nini na mkewe ni mtu gani. Ikamponyoka kwenye marumaru. Fundi simu akasema imekufa, akamjazia nyingine inayofanana, hadithi zilezile kwa picha hafifu za mtandaoni.

"Nilitaka kukwambia siku ileile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ukaanza kusema ni macho." Alikuwa anaangalia zulia. "Niliogopa utakasirika."

"Ningekasirika," Jicho akasema taratibu. "Ningekununia wiki mbili, tukaishia hapo. Wewe ulikuwa unamshika mama mkono kumpeleka bafuni. Ulikuwa unajua naogopa nini. Ukakaa hapa, ukawa unanisomea."

"Nilikuwa nakuhurumia."

"Kwa ugonjwa ulionipa wewe."

Shemeji alilia. Mimi sikumwonea huruma, na sijaanza mpaka leo. Diski kuvunjika ni ajali, hata mimi nimeangusha meno ya watu. Lakini mtu kumwona mwenzake anazama kwenye hofu, ukajua neno moja tu litamtoa, ukalikalia miezi miwili na kumbadilishia sauti ya babu, hilo sina jina lake.

Bado wanaishi pamoja, msiniulize. Shemeji anamtafutia tena zile picha, moja moja, na ameshapata zaidi ya nusu, HD ya kweli. Jicho huzitazama shemeji akiwa kazini.

Meno ya mbele nilimrudishia wiki ileile. Rangi zake ziko sawa, mgonjwa hajarudi hata mmoja. Ila sasa, kabla ya kupeleka kazi, hunisogezea jino na kibao cha rangi. "Hebu niangalizie," anasema. "Ni wa tisa huyu?"

Ni wa tisa. Akisema tisa, huwa ni tisa. Namwambia ndiyo, naye hulitazama jino, kisha hunitazama mimi usoni kwa muda, anapima kama ninasema kweli.