Bendera Kwenye Hitima ya Kabambare

Nilitoka Kasongo kwa sababu mjomba wangu Ramazani, kaka yake mama, alikuwa amefariki Kabambare na kuzikwa siku ileile, kabla habari haijanifikia. Mwanawe Sumaili alinipigia simu. Siku ya arobaini wangesoma hitima, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa historia katika ukoo, niandike maisha ya marehemu niyasome mbele ya watu. Mwishoni akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba mgombea mmoja wa uchaguzi atakuja na bendera ya taifa aitandike juu ya kaburi.

Niliielewa sababu yake. Siku ya uhuru wa Congo, mjomba, wakati huo kijana, ndiye aliyepandisha bendera mpya pale Kabambare. Kwa sifa hiyo alijulikana mpaka kifo chake. Alikuwa Mwislamu. Mama yangu alibatizwa alipoolewa na baba, nami ni Mkatoliki, lakini tumekula sinia moja miaka yote.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Dereva wa pikipiki, Amisi, alifunga mfuko wangu kwa mpira na kuniambia niweke karatasi zangu ndani ya plastiki. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Tuliwapita wanawake wakipeleka mpunga sokoni na vijana wakisukuma baiskeli zenye madumu ya mawese. Mara mbili nilishuka nikatembea kwenye tope huku Amisi akiisukuma pikipiki. Penye mto mmoja daraja lilikuwa magogo manne tu. Mwanamke mjamzito alikuwa akivushwa na wanaume wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, naye amefumba macho. Amisi alingoja wavuke, kisha akapita na pikipiki yake. Mimi nilivuka mwisho, kwa miguu.

Saa sita mchana, Lusangi. Tulikula wali na sombe, yaani kisamvu, kwa mama mmoja mwenye banda kando ya barabara. Kwenye nguzo ya banda palibandikwa picha ya mgombea yule, na chini yake maneno *Mungu na Taifa*.

"Huyu ndiye wetu," mama yule alisema. "Amesema Congo iko ya Yesu. Akipita, inchi itatengenezeka."

Fundi cherehani aliyekuwa akila upande wa pili aliinua kichwa. "Na sisi, msikitini wametuambia tuchague Mwislamu mwenzetu. Wanasema sasa ni zamu yetu."

"Utamuchagua?"

"Sijui. Hata jina lake silijui."

Walicheka wote wawili, mama akamwongezea wali. Nikayaandika maneno yao kwenye daftari langu.

Saa kumi jioni, Kabambare. Sumaili alinipokea mwenyewe. Mke wa mjomba alikuwa katika eda, ndani ya chumba, nikamsalimia kupitia pazia. Aliyesimamia nyumba alikuwa mdogo wake marehemu, mama mdogo Aziza, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, ambaye tangu utoto wangu sijamwona amekaa bila kazi mkononi. Nilimpa Sumaili ukurasa wangu aupitie, nikaenda kuoga.

Niliporudi, wawili hao walikuwa wakibishana.

"Baba alikuwa wa inchi nzima," Sumaili alisema. "Onorable, yule wa uchaguzi, ameahidi daraja, shangazi. Daraja! Unataka nimwambie asije?"

"Aje. Akaribie, ale. Lakini kaburi si meza ya kutandika kitambaa chake."

"Si kitambaa chake. Ni bendera ile baba alipandisha."

"Alipandisha juu," mama mdogo alijibu. "Hakulala chini yake."

Nilikuwa mgeni, na nilidhani kazi yangu ni kusoma tu.

Ijumaa nilikaa na mama mdogo tukichambua mchele. Alinisimulia jambo ambalo nilikuwa silijui. Mjomba alipokuwa mtoto alipelekwa shule ya mapadri, akaambiwa kwamba ili aendelee lazima abatizwe na kuchukua jina jingine. Akarudi nyumbani. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, peke yake, kwenye magazeti ya zamani ya kufungia sukari.

"Umeandika ile?" aliniuliza.

"Hapana, mama mdogo. Sikujua."

Aliendelea kuchambua mchele.

Jumamosi, siku ya arobaini. Turubai lilifungwa uani, wanaume upande wa barabara, wanawake upande wa jikoni. Dua zilikuwa zimekwisha, sinia za wali zikianza kutoka, pikipiki zilipoingia kwa kelele. Vijana wa Salamabila, wachimbaji wa dhahabu, walikuwa wamevaa fulana zenye picha ya mgombea. Yeye mwenyewe alishuka kwenye gari jeupe, na nyuma yake mchungaji na mtu aliyebeba bendera iliyokunjwa. Alivua viatu penye mikeka, jambo ambalo wazee walilipenda. Akapewa mikrofoni.

Alizungumza vizuri. Alimtaja mjomba kwa jina la baba yake na la babu yake. Kisha akasema, "Huyu mzee, hata kama alikuwa Mwislamu, alikuwa Mukongomani wa kweli. Na inchi hii, ndugu zangu, Mungu aliitoa kwa Yesu. Mchungaji atatuombea, halafu tutafunika shujaa wetu kwa bendera."

Vijana wa fulana walipiga makofi. Imamu alitazama mkeka. Mwanamume mmoja kati ya watu wa msikiti alisimama na kupaza sauti, "Zamu yetu imefika! Hatuchagui mutu wa musalaba!" Wachimbaji wawili wakasogea kwake. Nilimwona Sumaili akiinua mikono hewani bila kujua aende upande gani.

Mama mdogo Aziza alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuchukua mikrofoni.

"Onorable, karibu kwetu," alisema. "Nina swali moja. *Hata kama* iko ya nini?"

Mgombea alitabasamu. "Mama, nilikuwa ninamusifu."

"Nimesikia. Kaka yangu alipanda mulingoti na kanzu yake. Watu wote walikuwa chini, wa kanisa na wa msikiti. Hakuna mutu alimwambia, panda, hata kama." Kisha akamgeukia yule aliyepiga kelele. "Na wewe, zamu gani? Alipandisha bendera ya msikiti siku ile? Kaa chini, wali unapoa."

Watu walicheka, kwanza wanawake, halafu wazee, na yule mtu akakaa. Mama mdogo akamwambia mgombea kwa utulivu kwamba bendera ipelekwe shuleni ipandishwe pale kila mtu anapoweza kuiona, na kwamba kaburi ni la ukoo.

Mgombea alinong'onezana na mchungaji. Akashukuru, akapiga picha na wazee wawili, akaondoka kabla hajala. Bendera ilirudi garini.

Nilikuwa nimekaa na ukurasa wangu mapajani, nikiona aibu. Sentensi ya tatu ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu: *Ingawa alikuwa Mwislamu na hakusoma, aliipenda sana nchi yake.* Zamu yangu ya kusoma ilipofika niliikunja karatasi, nikasimulia habari ya shule ya mapadri na magazeti ya sukari. Nyuma ya pazia nilimsikia mjane akilia.

Watu walipotawanyika Sumaili alikaa kwenye ngazi ya nyumba. "Shangazi ametukatia daraja," aliniambia. "Wewe utarudi Kasongo. Sisi tutabaki na magogo." Nilikuwa nimemwona yule mjamzito.

Jumapili asubuhi nilikwenda kuaga. Nilimwambia mama mdogo kile nilichokuwa nimekiandika, maana nilihisi nitaondoka kama mwizi.

"Ninajua," alisema. "Sumaili alinisomea ulipokuwa unaoga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mbele ya watu wote. Hukusikia?"

Jumatatu nilikuwa darasani Kasongo. Uchaguzi ulikuja ukapita. Mgombea yule alishinda, na Sumaili hakunificha kwamba alimpigia kura. Daraja bado halijajengwa, na Sumaili bado anakula kwa mama mdogo.

Kabla ya safari nilidhani siasa ya dini huletwa na watu wa kelele, na kwamba sisi wenye adabu tuko nje yake. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kutolewa nje ya nchi yake kwa neno dogo, katikati ya sifa, na anayelisema akawa mpole kabisa. Siku hizi nikisahihisha insha za wanafunzi kuhusu uhuru, neno hilo nalikuta mara nyingi. Sikati alama. Nalizungushia wino na kuandika pembeni: *iko ya nini?*