Mzee wa Jumamosi

Katika ukoo wetu mzee huheshimiwa sana siku ya Jumamosi. Siku nyingine anaishi peke yake huko Schaerbeek, hapa Ubelgiji, ghorofa ya nne, na lifti ni mbovu. Sisi ndio tunaowasema Wabelgiji kwamba wanatupa wazazi wao kwenye nyumba za wazee. Wetu hatuwatupi. Tunawaacha hapo hapo walipo.

Huyo mzee ni baba yetu mkubwa, kaka wa marehemu baba. Tuliposikia familia moja ya Lubumbashi inakuja kumposa mdogo wangu wa kike, tulimkumbuka ghafla. Mahari haipokelewi na watoto. Lazima awepo mwenye mvi, apokee, abariki; bila yeye wakwe watakuona umeokotwa njiani. Tukamnunulia kofia, tukamfuata kwa gari, tukamkalisha kwenye kiti kikubwa kuliko vyote ukumbini. Kila aliyepita alipiga goti na kumshika mkono kwa mikono miwili. Wote walimuuliza hali, hakuna aliyesubiri jibu.

Wakwe wakaleta vitenge, suti, kreti za bia. Msemaji wao akahutubia mpaka bia ikapata moto. Hatimaye tukageuka sote kumtazama baba mkubwa anyooshe mkono apokee. Hakuunyoosha.

"Bon," akasema. "Mbele ya kupokea, niko na question moja. Lundi, kesho kutwa, banganga ba hospitali banatakiwa kunifanya opération ya macho. Banasema, bila muntu wa kunirudisha ku nyumba, hawanigusi. Mara mbili nilikosa muntu. Nani atanisindikiza?"

Mimi nilianza kuvichunguza viatu vyangu.

"Hakuna muntu? Alors, na hii mariage itangoja."

Loo! Sijapata kuona watu wakipata nafasi upesi namna ile. "Papa, njo mimi!" "Papa, niko na voiture, nitakuendesha!" Binamu yangu mmoja, ambaye mwaka mzima hapokei simu ya mtu, aliapa kwa kaburi la bibi. Nilihesabu mikono kumi na mmoja, wangu ukiwa juu kuliko yote. Mzee akatabasamu, akapokea, akabariki. Vigelegele vikalia, tukacheza mpaka jasho likatutoka.

Jumatatu asubuhi nilikunywa chai yangu kwa raha. Watu kumi na mmoja kwa mgonjwa mmoja! Niliwahurumia hata wauguzi, wangewaweka wapi wote wale? Sikumpigia yeyote kuuliza ni nani anayekwenda. Wale kumi nao, bila shaka, walikuwa wanakunywa chai yao.

Saa sita mchana baba mkubwa akanipigia simu. Alikuwa ameshuka barabarani tangu saa moja, ili asimcheleweshe atakayekuja. Hospitali nayo imempa mtu mwingine nafasi yake, na macho yenyewe sasa yanaona vivuli tu. Nikaanza kuomba radhi.

"Acha, mwanangu," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mwambie mudogo wako, baraka nilishatoa, siwezi kuirudisha. Lakini siku atazaa, mutafute muzee mwengine, mwenye kuona mutoto."