Chokaa na Moshi

Enzi za Mjerumani niliziona kwa ndani nyumba za namna tatu, nikachagua vibaya, na mpaka leo kosa lile halijanitoka kifuani.

Ya kwanza ni msonge wa mama yangu kule Kwedizinga, nilikozaliwa. Ndani mlikuwa na giza hata mchana. Mafiga yalikaa katikati, vitanda vya kamba pembeni, na juu ya moto kulikuwa na dari ya fito, nyeusi tii kwa masizi. Hapo ndipo yaliponing'inia mahindi ya mbegu, yakila moshi tangu mavuno hadi mvua.

Ya pili ni ya mfanyabiashara mmoja wa Chanika, mtu wa kutoka pwani. Ilikuwa ya pembe nne, na ndani mlikuwa na mikeka ya rangi, mito, na kitanda kirefu cha kupandia kigoda. Mkewe alinikaribisha vizuri, ila niliogopa kukanyaga mkeka.

Ya tatu ndiyo iliyoniharibu. Korogwe nilikuwa nikifagia kwa bwana Mjerumani mwenye shamba la mkonge. Kuta zake nyeupe, madirisha yana mapazia, viti vinne vimezunguka meza, pembe za swala zimetundikwa ukutani. Kwa nini mtu atundike pembe za mnyama aliyekwisha kumla, sikuelewa, lakini weupe ule uliniingia moyoni.

Nilipoolewa, mume wangu alijenga Chanika nyumba ya pembe nne. Nikamsumbua mpaka akaleta chokaa. Moto nikautoa nje, uani.

Mwaka mmoja, nilipokuwa nimekwisha kupata watoto, mvua zilikatika, na watu wengi walikula hata mbegu. Mama hakula. Alilala njaa mbegu zikiwa juu ya kichwa chake, kisha akaniletea zote, kwa kuwa jembe lilikuwa limemshinda na mimi ndiye ningelima kwa ajili yetu sote.

“Moto uko wapi?” aliuliza.

“Uani, mama. Humu utachafua ukuta.”

“Na mbegu utazitundika wapi?”

Nikamwonyesha msumari ukutani, pale ambapo yule bwana angeweka pembe zake.

“Mwanangu, mbegu haitaki ukuta mweupe. Inataka moshi.”

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Baadaye kila asubuhi nilikuta vumbi jeupe sakafuni chini ya ule msumari. Nikadhani ni chokaa inabanduka. Nikalifagia, siku baada ya siku, kwa ustadi niliojifunza Korogwe.

Mvua ya kwanza iliponyesha nilishusha lile fungu la mahindi msumarini. Lilikuwa jepesi mno. Kila punje ilikuwa na tundu, na fukusi walitembea juu ya ukuta wangu mweupe. Nilizunguka Chanika nzima kuomba japo konzi moja. Nani anatoa mbegu mwaka wa njaa? Nilirudi mikono mitupu, nikakaa sakafuni nikalia, na watoto wangu wakanitazama.

Asubuhi yake mama alifika kutoka Kwedizinga, kibwebwe kiunoni na mti wa kupandia mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa mbegu zimeliwa.

“Kulima siwezi, lakini kupanda naweza,” alisema. Kisha akakinga kiganja nimtilie mbegu.