Kompyuta Mbili, Jina Moja

Jumamosi nilifika Kihonda kwa Mama Prisca, mwanakwaya mwenzangu, kuchukua nyimbo za misa. Kesho yake kwaya ilikuwa inapanda Matombo, na nusu ya beti hatukuzijua. Soko huria limempatia yeye na mumewe kompyuta mbili za mitumba. Ya mama iko chumbani na ndiyo yenye nyimbo. Ya baba iko sebuleni na ndiyo yenye printa. Waya umeziunganisha, lakini siku hiyo zilikataa kabisa kuonana.

Baba Prisca alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza. "Waya mzima, taa zinawaka!"

Mimi, Mungu anisamehe, nilishaanza kunong'ona kwamba nyumba imeingiliwa na kijicho.

Mama akaita kutoka chumbani: "Baba Prisca! Hii inasema humu ndani kuna nyingine yenye jina kama lake."

"Yako umeiitaje?"

"Si Prisca?"

Mzee akatoka uvunguni, utando wa buibui kichwani. "Na yangu Prisca."

"Basi badili yako."

"Kwa nini mimi?"

"Kwani wewe ndiye uliyemzaa?"

Akajikuna kidevu, akaandika: Baba Prisca. Akazima, akawasha. Kompyuta ya mama ikajitokeza kwenye kioo, printa ikaanza kutema nyimbo, na Mama Prisca akaja mbio akipiga vigelegele.

Wazazi wenzangu, mashine zenu zikinuniana, msisingizie kijicho kama mimi. Ulizaneni kwanza mmeziita nani. Matombo tuliimba beti zote, hata wale wa sauti ya besi, ambao kwa kawaida humung'unya maneno.